Ukipata TRS-80 Model 100, anza na kebo

Wengi wanaoanza kukusanya kompyuta za zamani hununua Model 100, kompyuta ndogo ya kubebeka, mapema, na si chaguo baya. Kyocera ya Japani ndiyo iliyoiunda, Tandy ikaiuza katika maduka ya Radio Shack kuanzia 1983. Inatumia betri nne za AA, ina kioo cha mistari minane yenye herufi 40 kila mmoja, na kibodi ambayo waandishi wa habari waliipenda kiasi cha kuibeba hadi miaka ya 1990. Haina diski wala USB. Nyuma yake kuna mlango wa RS-232 (njia ya zamani ya kupitisha data biti moja baada ya nyingine) wa pini 25, na hapo ndipo maandishi yako yatakapopitia kwenda kwenye kompyuta ya leo.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: hakikisha kipande kimoja kwanza, ndipo uongeze kingine. Anayechomeka kila kitu kwa mkupuo kisha akaona kioo kitupu hana pa kuanzia kutafuta.

Anza na adapta ya USB. Mafundi mitandao wanaijua, ndiyo hiyo hiyo wanayoingilia kwenye konsoli ya ruta. Hakikisha ni ya RS-232 halisi, yenye soketi ya pini tisa. Zile ndogo zinazouzwa kwa ajili ya Arduino (bodi za kujifunzia elektroniki) hutoa volti 5 au 3.3, na ishara zake zimegeuzwa ukilinganisha na RS-232, ambayo hupanda hadi volti kadhaa chanya na kushuka hadi hasi. Ukiiunga adapta kama hiyo moja kwa moja unaweza kuiua, isipokuwa uweke kigeuzi cha aina ya MAX3232 katikati.

Ukishaichomeka, unganisha pini 2 na 3 za adapta kwa kipande cha waya, fungua programu ya terminali (Tera Term kwa Windows, minicom kwa Linux), kisha andika chochote. Herufi zikirudi kwenye kioo, adapta na draiva ni vizima. Kwenye Linux, ukikataliwa kufungua /dev/ttyUSB0, jiongeze kwenye kundi la dialout. Kwenye minicom, zima "Hardware Flow Control", kwa sababu huja ikiwa imewashwa, na inaweza kuzuia herufi zisitoke hata kama kebo ni nzima.

Sasa kebo. Model 100 na kompyuta yako zote ni za upande mmoja, kila moja inatuma kwenye pini ya kutuma na inasikiliza kwenye ya kupokea, kwa hiyo waya lazima zipishane. Hiyo ndiyo kebo inayoitwa null modem. Wanaotengeneza yao wenyewe hubabaishwa na namba: kwenye soketi ya pini 25, pini 2 inatuma na 3 inapokea, lakini kwenye ya pini tisa ni kinyume. Kwa hiyo 2 inakwenda kwa 2, 3 kwa 3, na 7, ambayo ni ya ardhi, inakwenda kwa 5. Inaonekana kama kebo iliyonyooka, kumbe imepishana. Rudia jaribio la waya mwisho wa pini 25 kabla ya kuigusa mashine.

Kwenye Model 100 ingia TELCOM, programu yake ya mawasiliano, bonyeza F3 na uandike 58N1E. Tano ya kwanza ni kasi ya baudi 1200, 8 ni biti za data, N ni kutokuwa na pariti, 1 ni biti ya kumalizia, na E huwasha XON/XOFF, yaani alama za kumwambia mtumaji asimame au aendelee. Weka hayo hayo upande wa pili, kisha F4 uingie Term. Utakachoandika huku kitatokea kule.

Mbona 1200 wakati mashine inakubali hadi 19200? Hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Kioo chake kinasogeza mistari polepole, na bafa ya kupokelea (mahali herufi zinaposubiri kusomwa) ina nafasi ya herufi 64 tu, kikombe cha kahawa chini ya bomba lililofunguliwa lote. Mashine inajua kusema "simama" kwa kutuma Ctrl-S, lakini adapta nyingi huwa tayari zimebeba herufi nyingine njiani na huzimwaga zote. Matokeo yake maneno hukatika katikati. Adapta zenye chipu za kampuni ya FTDI zinaweza kuitii Ctrl-S ndani ya chipu yenyewe, ndiyo maana wazoefu huzipendelea. Kama huna, baki kwenye 1200 na uongeze ucheleweshaji kidogo kila mwisho wa mstari, Tera Term ina sehemu hiyo. Herufi elfu kumi zitapita kwa kama dakika moja na nusu. Subira hiyo ni nafuu kuliko kusahihisha insha nzima.

Ukiwa ndani ya Term, kupokea ni F2 na jina la faili, ukimaliza F2 tena. Kutuma ni F3. Faili zikifika kompyuta ya kisasa zikiwa mstari mmoja mrefu, tatizo ni alama ya mwisho wa mstari, ibadilishe kwenye kihariri chako.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu. Alfabeti yetu inaingia yote kwenye ASCII, mfumo wa zamani wa kuwakilisha herufi, lakini programu za leo huipinda alama ya ng' katika "ng'ombe", na kwa UTF-8, mfumo wa leo, alama hiyo iliyopinda ni baiti tatu ambazo Model 100 itazionyesha kama takataka. Zinyooshe kabla ya kutuma.

Programu za BASIC, lugha ya programu ya mashine hii, hazipiti TELCOM zikiwa faili za .BA. Ukiwa ndani ya BASIC, andika SAVE "COM:58N1E" na orodha nzima itatoka kama maandishi. Kurudisha ni LOAD "COM:58N1E", ila mwisho wa faili tuma Ctrl-Z, la sivyo mashine itaendelea kusubiri mpaka ubonyeze Shift na Break.