Kuchanganya mbinu za terapia ukiwa na ofisi yako: mimi nafanya hivi

Mdogo wangu umeuliza kama ukimaliza digrii ya pili ukafungua ofisi yako hapa Kampala ushike CBT (terapia ya kubadilisha mawazo na tabia) peke yake, ama uchanganye mbinu kama wengi wetu tunavyofanya. Nitajibu kirefu maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku na nimeshapokea wateja wengi waliochanganyiwa mambo bila kichwa wala miguu, leo kupumua, kesho utoto wake, kesho kutwa homuweki, na yeye mwenyewe hajui anatibiwa nini.

Changanya, lakini uwe na kwenu kwanza, yaani mbinu moja unayosimama juu yake. Mimi kwetu ni IPT, terapia ya mahusiano. Inauliza hii huzuni ilianza lini, na wakati huo nini kilikuwa kinaendelea kati yako na watu wako: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, maisha yaliyobadilika, ama upweke. Sikuishika kwa mapenzi tu, ilijaribiwa hapa hapa kwetu, vijiji vya Rakai na Masaka, matokeo yakatoka 2003. Wanawake kikundi chao wanaume chao, saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16, na walioongoza ni watu wa kawaida waliofundishwa, na sonona ilipungua sana kuliko kwenye vijiji ambavyo havikupata hivyo vikundi. Kwa watu wanaoishi na ukoo mzima kichwani mwao, hiyo njia inaingia vizuri.

Sasa haimalizi kila kitu. Chukua mfano wa dereva wa boda (nimebadilisha maelezo asijulikane) aliyepata ajali, tangu hapo akiwa kwenye jam moyo unadunda, mikono inakufa ganzi, anaona anakata roho. Hospitali wamempima wakasema moyo mzima. Huyu ukianza kumuuliza habari za bibi yake nyumbani utampoteza. Hapo naazima CBT. Nilimuuliza ule moyo ukidunda anajiambia nini, akasema unataka kusimama. Nikamwambia basi tusimame wote wawili turuke hapa hapa kama dakika moja, tukaruka, halafu nikamwambia weka mkono kifuani. Akasikiliza, akaniangalia, akasema "ni hii hii!" Mapigo yale yale na yuko hai. Kutoka hapo ndio tukapanga arudi barabarani pole pole, kwanza Jumapili asubuhi Jinja Road ikiwa tupu, mwisho jam yenyewe ya jioni.

Hofu ilipotulia ndio akasema kwamba abiria wake wa siku ile alifariki, na yeye hakwenda kuzika kwa kuogopa familia. Huo ni msiba, tukarudi kwenye IPT. Unaona mbinu ilibadilika kwa sababu shida iliyo mbele yetu ilibadilika, na kila mara nilimwambia kwanza: tulikuwa tunafanya hivi, sasa naomba tufanye vile, kwa sababu hii.

Kwa ndugu zetu waliokimbia vita Kongo, wengi tunaongea nao Kiswahili, natumia zaidi ile terapia ya kusimulia maisha, NET, iliyojaribiwa kwa wakimbizi wa hapa Uganda, Imvepi na Nakivale. Unatandika kamba chini, mwanzo wake ni kuzaliwa, anaweka maua kwa mazuri na mawe kwa mabaya, halafu mnapita jiwe kwa jiwe, unaandika, kikao kinachofuata unamsomea. Lakini usiianze kama usiku wa leo hajui atalala wapi ama anapigwa nyumbani sasa hivi, hilo kwanza.

Na hapa nakuomba sana usichanganye katikati ya jiwe. Mtu analia, anatetemeka, wewe unakimbilia mazoezi ya kupumua, unamfundisha kwamba kumbukumbu yake kweli ni ya kuogopwa. Kaa naye hadi hadithi ifike mahali palipo salama na mwili upoe. Isipokuwa akianza kupotea, hakusikii tena, hapo mrudishe akili kwenye chumba mlimo kwanza, aone ukuta, ataje tarehe ya leo. Ukisikia hamu ya kubadilisha mbinu jiulize nani hapo anaogopa, mteja ama wewe. Mara nyingi ni terapista, na hilo ni la kupeleka kwa supavaiza wako, sio kumbebesha mteja.

Kingine, hawa wanalipa kila kikao kutoka mfukoni na wengine watakuja mara chache tu, kwa hiyo chagua mbinu mapema. Anayesikia sauti ama anayetaka kujiua, usikae naye peke yako na mbinu zako, mtafutie daktari wa akili siku hiyo hiyo, hospitali ya akili ya Butabika ipo.

Kwenye faili, kila nikibadilisha mbinu naandika mstari mmoja kwa nini. Nikishindwa kuuandika, sibadilishi. Sasa niambie, huko chuoni mbinu gani mmefundishwa hadi mkakaa na wateja chini ya usimamizi? Kwangu mimi hiyo ndiyo ungeanzia.