Barua ya chifu haitoshi kuuza shamba la mzee

Pole sana dadangu. Unasema baba amepoteza kumbukumbu, hajui hata watoto wake, na kakako ana barua ya chifu anataka auze shamba. Hiyo barua haimpi nguvu yoyote, hata ripoti ya daktari peke yake haitoshi. Hapa Kenya mwenye kuamua kama mtu hana uwezo wa kusimamia mali yake ni Mahakama Kuu, kupitia Sheria ya Afya ya Akili, na huko ndiko mnaenda na ombi, afidaviti (hati ya kiapo), ripoti ya daktari na idhini za ndugu wengine, jaji ndio anateua mlezi na msimamizi wa mali.

Sisi tulipompeleka mama jaji alimuuliza leo ni siku gani, mama akabaki anakunja kunja pindo la leso, yaani nililia palepale.

Na hata kakako akiteuliwa, hawezi kuuza shamba bila ruhusa nyingine ya korti, tena ndani ya miezi 6 lazima apeleke orodha ya mali kortini na kwa Mdhamini wa Umma, yaani ofisi ya serikali ya Public Trustee. Tafuta wakili wiki hii, na hati ya shamba ifiche mahali salama.