"Kilichokuwa kijiji", au kijiji bado?

SWALI: Naandika makala fupi kuhusu mtaa wetu wa Kawempe, Kampala. Babu alipokuwa kijana hapa palikuwa shamba. Leo ni gereji na nyumba za kupanga, ila migomba ipo, mti mmoja wa mutuba upo, na makaburi ya ukoo yapo. Niandike "kijiji cha zamani", "aliyekuwa kijiji" au "iliyokuwa kijiji"? Na hivyo vilivyosalia ndiyo "mabaki ya kijiji"?

JIBU: "Aliyekuwa kijiji" lifute kabisa. Magazeti yametuzoesha "aliyekuwa waziri", "aliyekuwa meya", hadi watu wanadhani neno hilo halibadiliki. Kijiji kimo katika ngeli ya ki-vi, basi ni "kilichokuwa kijiji". "Iliyokuwa" itakubalika ukitanguliza nomino inayoibeba, kama "sehemu iliyokuwa kijiji". "Kijiji cha zamani" si kosa, lakini msomaji anaweza kuelewa kijiji kikongwe ambacho wanakijiji wake wangali wanalima.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki: nani kasema kijiji chenu kimekwisha? Kawempe iliingizwa katika mipaka ya Kampala mwaka 1968, sawa. Lakini sheria ya jiji ya mwaka 2010 inaligawa jiji katika divisheni, divisheni katika wodi, na wodi katika vijiji. Ukienda kuomba kitambulisho ukaambiwa ulete barua ya LC (baraza la mtaa, Local Council), anayekupigia muhuri ni mwenyekiti wa kijiji, hata kama kijiji chenyewe hakina jembe hata moja. (Mitaani tunasema "zoni", najua, ila kisheria ni kijiji.) Mtanzania atakushangaa, kwa sababu kwao mjini kuna mtaa na kijiji ni cha shamba. Mkenya hatashangaa sana. Gatwekera na Laini Saba, jijini Nairobi, huitwa vijiji vya Kibera.

Kwa hiyo ukiandika "kilichokuwa kijiji" ukaishia hapo, mwenyekiti wako ana haki ya kukuuliza kimefutwa lini. Ongeza neno moja tu: "kilichokuwa kijiji cha wakulima". Kilichoondoka ni kilimo.

Sasa "mabaki". Neno hili huenda na chakula kilichobaki sahanini, jengo lililobomoka, au maiti. Wewe una makaburi katika sentensi hiyohiyo! Ukiandika "mabaki ya kijiji yanaonekana karibu na makaburi ya ukoo", nusu ya wasomaji wataona mifupa. Isitoshe, mutuba ungali hai, na magome yake bado yanaweza kubanduliwa yakatengenezwa lubugo, yaani kitambaa cha magome. Mti wa namna hiyo hauitwi mabaki. "Masalia" ni afadhali kidogo, ingawa nalo lina harufu ya makumbusho. Mimi ningeandika "alama za kijiji", au ningeacha nomino kabisa: "Kijiji bado kinaonekana: migomba nyuma ya gereji, mutuba mmoja, makaburi ya ukoo."

Na ukiuandika mti huo, shikamana na "mutuba" la Kiganda. Wasomaji wako wa Kampala hawaujui kwa jina jingine.