Barua kwa mwanangu: usiifute hadithi ya Kibirizi

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema hadithi yako ya wavuvi wa Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, umewapa watu watatu: wa kwanza kakwambia inachosha, wa pili kasema hakuiamini, wa tatu kasema haina funzo. Sasa unaniuliza kama huna kipaji, na kama uifute. Usiifute. Nimeisoma mara mbili, na nakujibu mmoja mmoja, maana watu hao hawakusema jambo moja.

Nianze na wa pili, kwa kuwa neno lake ndilo zito. Mtu akisema "sikuamini", mwandishi hudhani ameambiwa hajui kuandika, kumbe mara nyingi kuna kitu kidogo kimoja kilichoivunja imani. Fungua ukurasa wa nne. Umewatoa wavuvi ziwani usiku wa mbalamwezi, taa zinawaka, dagaa wanajaa wavuni. Mwanangu, dagaa huvuliwa gizani! Taa ndiyo inayowavuta juu. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa haina nguvu tena. Ndiyo maana siku zile mitumbwi hupumzika na watu hukaa mwaloni wakishona nyavu. Msomaji aliyekulia huku akifika hapo anatoka ndani ya hadithi, na pengine hata yeye hajui kilichomtoa. Ondoa mwezi, basi. Au uache, na wavuvi wako wabaki mwaloni na sindano zao. Mimi ningechagua hilo la pili, maana watu wanaoshona pamoja huongea.

Umeona lawama ilivyokuwa kubwa na kosa lilivyo dogo? Msomaji mwamini juu ya alichohisi. Dawa atakayokuandikia ipime kwanza. Akisema "hapa nilichoka", kachoka kweli, huwezi kubishana naye. Akisema "ongeza ugomvi", hayo ni makisio yake.

Wa kwanza naye kachoka kweli, na sababu inahesabika. Katika kurasa tatu za mwanzo neno "alihisi" limetokea mara 11. "Mwanaidi alihisi huzuni kubwa sana moyoni mwake." Hapo umempa msomaji jina la huzuni, mtu mwenye huzuni hajamwona. Jaribu hivi: "Mwanaidi aliwageuza tena dagaa aliokwisha kuwageuza." Mikono inaonekana, kichanja kinaonekana, na huzuni msomaji anaikuta mwenyewe. Pigia mstari kila "alihisi", ubadilishe 8, ubakize 3. Neno lenyewe si haramu. Wingi wake ndio unaochosha.

Kwa huyu wa tatu usirekebishe kitu. Alitaka ngano yenye onyo mwishoni, wewe umeandika hadithi fupi inayomwacha mtu akiwaza. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, washairi wa mapokeo walimpinga: shairi lisilo na vina na mizani si shairi. Asingewaridhisha kwa kunyoosha ubeti huu au ule, kwa sababu walikuwa wanataka kitu kingine kabisa. Leo mashairi huru yanafundishwa shuleni. Sisemi kila anayekukosoa kapitwa na wakati. Nasema jiulize kwanza: anakosoa nilichoandika, au anadai nisichoandika?

Kosa lako, nakwambia kwa upendo, lilikuwa kuwapa rasimu ikiwa bado ya moto, tena bila swali. Ukimuuliza mtu "ni nzuri?", atakupa hukumu, na hukumu haina pa kushikwa. Safari nyingine iache walau wiki tatu, uisome kwa sauti peke yako, ndipo uwape watu watatu, wasizidi watano, kila mmoja na penseli. Waombe waweke alama pembeni pale walipotaka kuacha, pale walipolazimika kurudia mstari, na pale walipochanganya wahusika. Wawili wakiweka alama pahali pamoja, rekebisha hata kama unapapenda kuliko kurasa zote. Akiweka mmoja tu, pima. Wakiongea, andika, usijitetee. Ukieleza-eleza, mara ya pili watakuficha ukweli. Kisha daftari lifunge siku mbili kabla ya kugusa neno. Wanaosahihisha siku ileile wakiwa na uchungu hukata hata palipo pazima. Na kila rasimu ihifadhi kwa namba yake, usiandike juu ya ile ya zamani.

Mashaka yanayokujia bila kukosolewa na mtu ni jambo jingine. Hayo hukaba zaidi katikati ya kazi, utamu wa mwanzo ukiwa umekwisha na mwisho haujaonekana. Hukaba pia ukitoka kusoma kitabu cha dukani, ukasahau kwamba kile kimepita kwa mhariri na kwa msahihishaji wa prufu, na chako kimetoka kichwani jana. Tenganisha saa. Alfajiri andika dakika 40 bila kurudi nyuma, maneno 300 yanatosha. Jioni ndipo usahihishe ya jana. Siku 20 za namna hiyo ni maneno 6,000, hadithi fupi nzima. Ukianza kusahihisha huku unaandika, utaishia kuupamba ukurasa wa kwanza mwezi mzima na wa pili usizaliwe. Nadhani unajua ninachokisema.

Mhariri akikurudishia bila maelezo, usitafute maana humo. Huenda hakuwa na nafasi, huenda kazi ilizidi urefu aliotaka. Andika tarehe, angalia masharti ya mahali pengine, peleka.

Ukija Desemba kwa treni, njoo na rasimu ya pili, imechapwa upande mmoja, mistari ikiwa na nafasi kati yake, ukurasa wa nne ukiwa umeshughulikiwa. Nitakuwa na penseli. Na tafuta namna ya kumwambia yule wa pili ahsante.

Mama yako