Maswali yenu ya kupiga picha: sura nyeusi tii, sura za njano, na wale wa "nitaedit baadaye"

Bibi harusi wangu gauni limetoka safi ila sura nyeusi tii. Kamera mbovu?
Kamera nzima kabisa. Mita, yaani kipimamwanga cha kamera, inachukulia chochote ulichokielekezea ni kijivu cha kati, sasa wewe umeijazia gauni jeupe, ikaona mwanga umezidi ikaupunguza, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi. Anza na eksposha +1, yaani ongeza mwanga stopu moja (mara mbili). Ukipima usoni kwa spoti (mita isome sehemu ndogo tu) basi shusha kama stopu moja, maana ngozi nyeusi nayo itavutwa iwe kijivu. Halafu angalia histogramu (grafu ya giza na mwanga wa picha), acha kuamini skrini juani. Gauni likishaungua mpaka 255, yaani kikomo cha juu, kwenye rangi zote tatu (nyekundu, kijani, bluu) hamna programu ya kulirudisha, bora umrudishie mwanga usoni kwa riflekta (ubao wa kurudisha mwanga) au flashi ya kujazia.

Ndani ya nyumba watu wanatoka njano.
Hili tena! Waiti balansi, jamani, ile ya kuiambia kamera nyeupe ni ipi. Balbu za zamani ziko kama 2700K mpaka 3200K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), mchana ni kama 5500K, weka kwa mkono uachane na oto. Na kama kuna dirisha huku na balbu kule, zima balbu, la sivyo shavu moja njano jingine bluu na hapo slaida ya kuedit haikusaidii.

Kidevu na shingo vina ukijani, alikaa kwenye majani.
Majani yanarudisha mwanga wa kijani. Mhamishe.

Kuna haja ya RAW? Napiga JPEG, nitaedit baadaye.
JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, RAW, yaani data ghafi ya sensa, ya biti 14 ina 16,384. Ndio maana ukivuta vivuli vya JPEG uso unatoka mabakamabaka. Ila RAW nayo sio dawa ya uvivu.

Slaida gani inamfanya mteja awe mweupe kidogo? Wanapenda.
Sikutajii. Enzi za filamu maabara zilipanga rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, wakaiita Shirley, na watu weusi wakawa wanatoka macho na meno tu. Leo una sensa inayoiona ngozi nyeusi vizuri halafu unaipaka jivu mwenyewe! Anachopenda mteja ni mng'ao, na huo unatoka kwenye mwanga mpana wa pembeni, tena kabla hujabonyeza shata. Na usimsingizie, wengi hata hamjamuuliza.

Kwenye kompyuta rangi kali, nikituma kwenye simu zimefifia.
Umetoa kwa Adobe RGB, mpango mpana wa rangi ambao simu nyingi haziusomi vizuri. Toa kwa sRGB, ule wa kawaida.