Sitisha kwanza hiyo oda ya pampu

Mkuu, kabla hujasoma mbele, mpigie huyo muuza spea wa Kariakoo. Mwambie umefiwa, umehama nchi, lolote, ila hela isitoke leo.

Umesema Benzi yako, 230E (W124 ya 1989), inazima ghafla mchana, ukipaki pembeni nusu saa inawaka kama vile hakuna kilichotokea, na fundi kakuambia "pampu zote mbili zimechoka, halafu tushushe na distribyuta ya mafuta." Niliposoma hapo tumbo lilinikata. Ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, hapa hapa Dodoma, na yalinimeza milioni moja na laki nane.

Yangu ya gia za mkono ilianzia Mbande. Mara ya pili ikazimia Kibaigwa, pale sokoni, katikati ya malori ya mahindi, saa nane mchana, mama mkwe kakaa nyuma. Majina niliyopewa na madereva siku ile siyaandiki hapa.

Fundi wa kwanza akaja na kompyuta. Elfu hamsini, "imesoma pampu." Baadaye sana ndiyo nikajua zile mashine huchomekwa kwenye soketi ya pini 16, na hii gari haina hiyo soketi hata uitafute kwa tochi. Mpaka leo najiuliza ule waya aliuchomeka wapi.

Nikanunua pampu mbili, laki sita. Siku nne gari haikuzima, nikamsifia fundi kijiweni mpaka nikampelekea wateja. Siku ya tano, lile joto la Oktoba, ikazima karibu na Mtumba. Pale ndipo nilipotakiwa kukaa nifikiri. Sikufikiri.

Nikamruhusu aifungue distribyuta. Kwa asiyeijua: kwenye KE-Jetronic, yaani mfumo wa kupulizia mafuta wa hizi gari, ndiyo kile chuma chenye vijibomba vinne vinavyokwenda kwenye nozeli. Ndani yake kuna kijipistoni kinachogawa mafuta, kimekaa kwenye tundu lake kwa kubana kabisa, na presha ya mle ni zaidi ya mara mbili ya ile ya tairi. Jamaa aliifungulia juu ya gunia, chini ya mti, kuku wanapita. Akasugua hicho kijipistoni kwa msasa. Msasa, wakuu! Mimi nimesimama pale na soda mkononi, naangalia. Kuanzia siku hiyo moshi mweusi, harufu ya petroli, mke wangu akasema bora bajaji. Ikabidi ninunue distribyuta ya mtumba, milioni moja na laki moja. Ile ya kwanza haikuwa na tatizo lolote. Yaani nilimlipa mtu aniharibie kitu kizima, halafu nikalipa tena ili nirudi pale nilipokuwa.

Na bado ikazima. Fundi maiko yule alipoanza kuongelea "kontroli boksi" nikachukua funguo zangu.

Ugonjwa ulikuwa relei ya pampu, yaani kile kiboksi kinachoipa na kuikatia pampu umeme. Aliyeuona ni fundi redio wa Majengo, wala hajui kuendesha. Alifungua kasha, akanipa kioo cha kukuzia: kwenye mguu wa pini moja, risasi ya kuchomelea imepasuka, kimstari cheusi kimezunguka kama pete. Ukigusa pini inacheza. Ikiwa baridi inagusana, ikipata moto inaachia, pampu inakosa umeme. Akachomea risasi upya, elfu tano. Mwaka wa tatu huu.

Sasa usikimbilie relei kwa sababu nimeisema mimi, utakuwa umenigeuza kuwa fundi wako wa pili. Usinunue CHOCHOTE mpaka izime mbele yako na ujue kilichokosekana ni moto (cheche za plagi) au mafuta. Ukiiacha ipoe ushahidi umeondoka, kilichobaki ni ramli.

Tafuta balbu ya volti 12, ncha moja iunge kwenye waya unaopeleka umeme kwenye pampu, nyingine kwenye chuma cha gari, uiweke dashibodi. Injini ikiwa hai, balbu inawaka. Ikizima ukiwa kwenye gia, usikanyage klachi, acha magurudumu yaizungushe injini na uangalie mshale wa mizunguko (kama yako inao, nyingine zina saa kubwa mahali pake). Mshale ukianguka sifuri papo hapo, tafuta upande wa moto au sensa ya krenki (ile inayosoma mizunguko ya injini). Balbu nayo itazima, isikudanganye: relei hukata pampu yenyewe ikikosa ishara ya mizunguko. Mshale hai na balbu imekufa, hiyo ni relei au waya wake. Vyote hai na cheche ipo (namna ya kuipima iko hapo chini), haya, sasa tuongelee filta na pampu.

Kama ni otomatiki hilo la mshale halitakusaidia. Tembea na plagi ya akiba: ikizima tu, chomoa waya wa koili upande wa distribyuta ya moto (siyo ile ya mafuta), uchomeke kwenye plagi, plagi iguse chuma, mtu apige stata. Cheche ipo au haipo? Fanya mbali na penye harufu ya petroli, tusije tukachangishana humu.

Uliuliza na habari ya oili, na ile ya kuweka injini ya Toyota. Nitarudi jioni. Niambie kwanza, Kariakoo umeshapiga?