Mama kaumwa tumbo ghafla, choo kina damu

Pole, dada wa Wete. Mama wa miaka 70, anatumia dawa ya presha, kashikwa ghafla na msokoto wa tumbo upande wa kushoto, kisha choo kina damu: yawezekana damu haifiki vizuri kwenye utumbo mpana. Msiseme ni bawasiri tu. Bawasiri haianzi na msokoto. Usimpe sanamaki ya kuharisha, itamkausha maji, wala diklofenaki ya maumivu. Mpelekeni leo hii hospitali ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee, Mkoani, na vidonge vyake vyote mkononi. Wengi hupona kwa dripu na kupumzisha utumbo, yaani bila kula, siku chache. Ila tumbo likikaza kama ubao, homa ikapanda, msingoje kuche: huenda utumbo unakufa, na hapo ni upasuaji.